Waheshimiwa wa Mlimani, Acheni Kuuliza "Lini"

Jumatano ndiyo siku ya maswali bungeni. Waziri huingia ukumbini na faili lake, maafisa wa wizara wakimfuata nyuma, na Spika humwita mbunge mwenye swali asimame alisome. Likitoka eneo la Mlima Kenya, mara nyingi unaweza kulitaja kabla halijasomwa. Je, Waziri anaweza kulieleza Bunge ni lini barabara ya kutoka mahali fulani hadi mahali fulani itatiwa lami? Jibu nalo unalijua. Barabara hiyo imo katika mipango ya wizara, usanifu umekamilika ama unaendelea, na kazi itaanza pindi fedha zitakapopatikana. Mbunge anamshukuru Waziri. Kufikia jioni kipande cha video kimezagaa katika makundi ya WhatsApp ya eneobunge, na wafuasi wanaandika kwamba mheshimiwa amewatetea watu wake.

Kazi yangu hunilazimu kusoma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na nimesoma kurasa nyingi za namna hiyo. Uamuzi wangu ni kwamba swali hilo halichunguzi serikali. Ni ombi lililovaa suti. Anayeuliza "lini" anaomba ahadi, na hakuna kitu serikali hutoa kwa wepesi kama ahadi. Anayeuliza ni shilingi ngapi, kwa mkataba upi, nani alitia sahihi, kipi kimelipwa na kipi hakijalipwa, huyo anadai karatasi. Karatasi ina tarehe na jina la mtu, na mwaka ujao unaweza kurudi nayo kwa aliyeitoa.

Tusidanganyane kwamba wabunge wetu hawana mamlaka. Kabla ya Katiba ya 2010 mawaziri walikuwa wabunge. Walikaa viti vya mbele, wakajibu papo hapo, na aliyejibu ovyo alizomewa na watu ambao angekunywa nao chai saa moja baadaye. Katiba mpya iliwatoa ukumbini, lakini haikuwapa pa kujificha. Kifungu cha 153 kinamtaka waziri afike mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti akiitwa, na ajibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini yake. Kifungu cha 125 kinayapa mabunge hayo na kamati zake uwezo wa Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kudai stakabadhi. Mbunge wa enzi za Kanu hakuwa na silaha kama hiyo.

Ilichukua muda kabla mbunge wa leo hajajua aitumie vipi. Bunge lililoingia mwaka 2013 lilijikuta halina wa kumuuliza ukumbini, kwa hivyo mbunge aliomba taarifa, mwenyekiti wa kamati akaenda kuitafuta wizarani, kisha akarudi kuisoma. Yaani mbunge alimhoji mbunge mwenzake ambaye hakuijenga barabara wala kuibomoa. Baadaye mawaziri wakawa wanajibu mbele ya kamati, katika vyumba ambavyo ni nadra kamera kufika. Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza mawaziri warudi ukumbini kujibu maswali. Kanuni za kudumu zikarekebishwa, na kuanzia 2023 wakaanza kufika. Utaratibu upo, jukwaa lipo, kamera zipo. Ambalo halijabadilika ni swali lenyewe.

Tuitazame barabara moja, ile inayomhusu kila anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Nyeri. Barabara ya Kenol–Sagana–Marua ina urefu wa kilomita 84 na inapanuliwa iwe ya njia mbili kila upande. Inaanzia Murang'a, inapita Makutano na Sagana, inaikaribia Karatina, kisha inaishia Marua, karibu na mji wa Nyeri. Sehemu kubwa ya gharama ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na serikali yetu inachangia sehemu yake. Ni mradi wa maana na sina ugomvi nao. Ila kwa miaka yote ambayo matingatinga yamekuwa hapo, swali lililosikika zaidi kutoka kwa waheshimiwa, majukwaani na kwingineko, ni lini utakamilika.

Mkopo wa aina hii kwa kawaida hulipia ujenzi. Fidia ya ardhi hubaki kuwa mzigo wa serikali ya Kenya, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo huipitisha kwa wenye mashamba na maduka yaliyobomolewa. Fidia ikichelewa, mwenye ploti hahami. Asipohama, mkandarasi huiruka sehemu hiyo na kuandika barua ya kudai muda zaidi, na pengine riba juu yake. Kwa hiyo anayetaka kujua barabara itakwisha lini hana haja ya kumuuliza waziri lini. Amuulize wenye ardhi wangapi, wadi kwa wadi, bado hawajalipwa, na jumla ya madai yao ni shilingi ngapi. Aulize mkandarasi anadai kiasi gani kufikia mwisho wa mwezi uliopita, na deni hilo limezaa riba kiasi gani. Tarehe ya kukamilika atajipigia mwenyewe.

Halafu kuna vivuko. Simama kando ya barabara hiyo karibu na Karatina siku ya soko. Utamwona mama aliyejitwika gunia la kabichi akisubiri pengo kati ya trela na matatu, akikimbia hadi katikati, akisimama hapo kwenye utepe mwembamba wa udongo, kisha akisubiri pengo la pili. Barabara ya zamani ilimtaka avuke mara moja. Hii inamtaka avuke mara mbili, na magari sasa yanapita kwa kasi zaidi. Wakazi wa miji iliyopitiwa na barabara hii wamelia sana kuhusu jambo hilo. Swali linalomfaa mama yule ni jepesi kuandika. Mchoro wa awali uliotiwa sahihi ulikuwa na madaraja mangapi ya wapita kwa miguu na njia ngapi za chini? Mangapi yamejengwa? Kama idadi imepungua, nani aliidhinisha ipungue, na fedha zilizookolewa zilikwenda wapi? Waziri hawezi kujibu hayo kwa kusema fedha zikipatikana.

Na fedha zenyewe zinaulizika. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa nchini hubeba ushuru wa kukarabati barabara. Julai 2024 ushuru huo ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Mwaka uliofuata serikali iliamua kuweka rehani shilingi 7 kati ya hizo 25 ili ipate takriban shilingi bilioni 175 za kulipa madeni ya wakandarasi waliokuwa wamefunga kambi kote nchini. Maana yake, mhudumu wa bodaboda wa Karatina akijaza lita 2 analipa ushuru wa shilingi 50, na 14 kati yake tayari zina wenyewe, yaani waliotoa zile bilioni 175. Analipia leo barabara zilizotakiwa kulipiwa jana. Huenda huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa baada ya malipo kuanza matingatinga yalionekana tena katika barabara nyingi zilizokuwa zimelala. Lakini je, kati ya bilioni 175 hizo, ni ngapi zilifika katika kaunti ya Nyeri? Kwa barabara zipi, mkandarasi yupi, madai ya mwaka upi? Zile barabara zilizopewa jina la Mau Mau, zilizotakiwa kuunganisha Kiambu, Murang'a, mashamba ya chai ya Nyeri na Nyandarua kwa zaidi ya kilomita 500, zilipata kiasi gani? Hilo ni swali moja tu, na lingeweza kuwashughulisha maafisa wa wizara wiki nzima. Ningependa kuliona katika ratiba ya Bunge likiwa na jina la mbunge wa Tetu, Othaya au Mukurwe-ini.

Sababu ya kutoliona si uvivu, au si uvivu peke yake. Mbunge wa Kenya ameketi pande zote mbili za meza. Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki, aliyekuwa mbunge wa Othaya kuanzia 1974 hadi 2013, ilianzisha hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, ikitengewa angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Ilijenga madarasa, ikalipa karo, ikafikisha zahanati mahali ambapo wizara haikuwahi kufika. Hayo nayakubali bila kinyongo. Lakini pia ilimgeuza anayepaswa kuuliza kuwa mtoaji. Ongeza sehemu ya ushuru wa mafuta inayogawiwa maeneobunge kwa barabara za mashinani, ambazo mbunge ana usemi mkubwa katika kuzichagua, na utaelewa kwa nini ulimi unakuwa mzito. Leo unaketi na mkurugenzi wa KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, mkipanga barabara ipi ichongwe kabla ya mvua. Kesho utamkalia kitako kwenye kamati umuulize kwa nini ile ya mwaka jana imesombwa na maji?

Mahakama zimeliona hilo. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria ya CDF ya 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hata sheria iliyochukua nafasi yake inakiuka Katiba, ikaipa hazina hiyo hadi tarehe 30 Juni 2026. Wabunge walifanya nini? Julai 2025 Bunge la Kitaifa lilipitisha, kwa kura zaidi ya 300, mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe. Ni nadra sana kuwaona waheshimiwa wa mrengo wa serikali na wa upinzani wakipiga kura kwa umoja kama huo. Laiti umoja ule ungeonekana siku ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inapowasilishwa.

Siasa za Mlima zimefanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mwaka 2022 wabunge wengi wa eneo hili walichaguliwa kwa tiketi ya UDA, chama cha Rais Ruto, na mwana wa Mathira, Rigathi Gachagua, akawa Naibu wa Rais. Kumuuliza waziri swali gumu kulionekana kama kuivunja nyumba yenu wenyewe. Oktoba 2024 Gachagua akaondolewa, Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi akachukua nafasi yake, na eneo likagawanyika. Waliojitenga na serikali ghafla wakapata sauti kuhusu barabara zilizokwama. Waliobaki nayo wakapata sauti ya kushukuru. Barabara ni zile zile, na wakandarasi wanadai fedha zile zile. Swali linalotegemea kiongozi yupi amekosana na yupi haliwezi kuitwa usimamizi wa serikali.

Mfano bora wa kuuliza ambao eneo hili limewahi kuutoa haukutoka bungeni. Mwaka 1989 Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Tetu, alisikia kwamba chama tawala cha Kanu kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Hakuitisha mkutano wa hadhara. Aliandika barua. Aliziandikia ofisi moja baada ya nyingine, serikalini na kwa mashirika ya nje, kila barua ikiwa na anwani ya mtu anayepaswa kujibu, kisha akazipeleka nakala kwa waandishi wa habari. Bunge lilifanya nini? Novemba mwaka huo wabunge walimjadili yeye badala ya kulijadili jumba. Walimkejeli, wakaikejeli ndoa yake iliyovunjika, wakamtaka akae kimya. Waliochaguliwa kuuliza walimgeukia aliyeuliza. Lakini barua zilikwisha fika, wafadhili wakaanza kujiuliza, na jumba halikujengwa. Bustani bado ipo, na yeyote anayepita katikati ya jiji anaiona.

Miaka 13 baadaye wakazi wa Tetu walimpeleka bungeni, na Januari 2003 akateuliwa waziri msaidizi wa mazingira. Akahamia upande wa kujibu. Na sasa Ihithe imerudi kwenye habari, kwa kuwa ndipo inapoanzia barabara inayokusudiwa kwenda Ndunyu Njeru, Nyandarua, ikikata msitu na mbuga ya Aberdare. Mkulima wa viazi wa Nyandarua anaitaka sana, kwa sababu leo analazimika kuuzunguka mlima mzima ili afike Nyeri. Wahifadhi wanahofia msitu, wanyama na mito inayoanzia humo, na suala limefikishwa mahakamani. Mimi sitoi hukumu hapa kuhusu nani ana haki. Ninachoona ni kwamba mvutano huu umeachiwa mawakili. Je, njia mbadala zilipimwa? Gharama ya kila moja ni ipi? Shirika la wanyamapori lilishauri nini kwa maandishi, na ushauri huo ulifuatwa? Kamati ya Bunge ingeweza kuzitoa nyaraka hizo hadharani, na mkulima wa viazi na mhifadhi wakazisoma kwa pamoja kabla ya kushikana mashati.

Tushuke kaunti, ambako mambo yanafurahisha na kusikitisha kwa wakati mmoja. Bunge la Kaunti ya Nyeri lina wadi 30, na Katiba inawapa wawakilishi wake kazi ya kuisimamia serikali ya gavana. Kifungu cha 195 kinawapa uwezo wa kuita mtu yeyote, sawa na wenzao wa bungeni Nairobi. Lakini mabunge ya eneo hili yanajulikana zaidi kwa kitu kingine, nacho ni kuwatimua magavana.

Embu ilianza. Januari 2014 bunge la kaunti hiyo lilimng'oa Martin Wambora, gavana wa kwanza nchini kupitia hayo, na baadhi ya tuhuma zilihusu ukarabati wa uwanja wa michezo wa Embu na ununuzi wa mbegu za mahindi. Seneti ikaunga mkono, mahakama ikamrudisha, akatimuliwa tena, akarudi tena, na mwaka 2017 wapigakura wakamchagua kwa muhula wa pili. Nyeri ilifuata Septemba 2016 dhidi ya gavana wake, Nderitu Gachagua, na kamati ya Seneti ikasema tuhuma hazikuthibitishwa. Juni 2020 ikawa zamu ya Kirinyaga na Anne Waiguru, na Seneti ikamwokoa. Meru ilijaribu kumwondoa Kawira Mwangaza Desemba 2022, ikajaribu tena 2023, ikafaulu Agosti 2024, na baada ya vuta nikuvute ya mahakamani aliondoka Machi 2025.

Hesabu hiyo inanisumbua. Kwa nini tuhuma zinazotosha kumng'oa gavana mara nyingi huporomoka zikifika Seneti au mahakamani? Siasa za Seneti zina mchango wake, wala sijasahau. Lakini sababu kubwa ni kwamba msingi haukuchimbwa. Uwanja wa michezo haupotezi pesa kwa siku moja. Kuna tangazo la zabuni, kuna kamati ya tathmini, kuna cheti cha malipo ya kwanza, cha pili, cha tatu. Katika kila hatua mwakilishi wa wadi angeweza kuuliza swali moja dogo na kupata karatasi moja. Angekuwa nazo tano, asingehitaji kupiga kelele. Wawakilishi wetu huziruka hatua zote hizo, wakangoja wakosane na gavana, ndipo wakachukua shoka. Na gavana akijua kwamba ama hataulizwa kitu, ama atatimuliwa, hujifunza kuwapendeza wawakilishi badala ya kuwajibu.

Kuna kikwazo kingine kinachowachanganya hata wapigakura werevu, nacho ni nani aulizwe. Hospitali ya Othaya, iliyojengwa kwa fedha za serikali kuu enzi za Kibaki na leo ina jina lake, ilipitia miaka ya mvutano kuhusu nani aiendeshe, hadi ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mgonjwa aliyekosa dawa humo alipaswa kumlalamikia nani, mbunge au mwakilishi wa wadi? Huduma nyingi za afya ni za kaunti, lakini hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. Maji ya bomba ni ya kaunti, lakini mabwawa makubwa ni ya wizara. Barabara kuu ni za mamlaka ya KeNHA, na ile inayopita mbele ya kiwanda cha chai huenda ni ya KeRRA au ya kaunti. Mkazi wa Gakawa, jirani na Nanyuki, hununua unga Laikipia na kupiga kura Nyeri. Wanasiasa wanaupenda mkanganyiko huu. Mbunge hupiga kelele kuhusu zahanati akijua gavana ndiye atakayelaumiwa, na mwakilishi wa wadi hulia kuhusu barabara kuu akijua hatatakiwa kuijenga.

Maji yanatufundisha jambo ambalo siasa imekataa kutufundisha. Kampuni ya maji ya mji wa Nyeri, NYEWASCO, imekuwa ikitajwa mara kwa mara kuwa bora kuliko zote nchini katika ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji. Bodi hiyo hupima na kuchapisha. Maji kiasi gani yanapotea kabla ya kufika kwenye mita, saa ngapi kwa siku mabomba yanatoa maji, wateja wangapi wamefikiwa. Kampuni zote huwekwa kwenye jedwali moja, na meneja wa Nyeri anajua jirani zake wataiona nafasi yake. Hakuna mbunge aliyelazimika kuzomea. Sasa panda Kieni, upande wa kaunti hiyo hiyo unaokosa mvua kwa sababu mlima umeikinga, uone familia zikisubiri mabwawa yanayotajwa kila kampeni. Hakuna jedwali la kila mwaka linaloonyesha kila bwawa lililoahidiwa, fedha zilizotengwa, zilizotolewa na kazi iliyofanyika. Mbunge wa Kieni akitaka kumfaa mpigakura wake, adai jedwali hilo lichapishwe kila Juni. Lingemfaa kuliko hotuba kumi.

Hata jibu zuri hufa likikosa wa kulifuatilia. India iliona tatizo hilo mapema. Tangu 1953 bunge lao la chini, Lok Sabha, lina kamati ya kufuatilia ahadi za serikali. Waziri akitamka ukumbini kwamba jambo litashughulikiwa, makarani huliandika, na anatarajiwa kulitimiza ndani ya miezi mitatu au aeleze kwa nini hakuweza. Uganda nayo ina kamati ya namna hiyo. Sisi tunayo kamati ya utekelezaji katika Bunge la Kitaifa, na kazi yake inajumuisha ahadi zinazotolewa na serikali. Ni nadra kuisikia. Wabunge hugombania kamati ya bajeti na ya uchukuzi, ambako kuna ziara na ushawishi. Hii ya kuwakumbusha wakubwa walichosema haina mvuto. Wabunge wa kaunti tano au sita za Mlima wangekubaliana tu kuiletea kila robo ya mwaka orodha ya ahadi walizopewa kuhusu eneo lao, pamoja na ukurasa wa Hansadi, mawaziri wangeanza kuchagua maneno yao kwa uangalifu.

Msomaji naye asikae akingoja. Kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi bungeni kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka ya Bunge. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma akitaka nakala ya mkataba au rekodi ya malipo, na ofisi hiyo inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Isipojibu, anapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua haihitaji wakili. Taja barabara, taja mwaka wa fedha, omba karatasi moja tu. Ukiipata, mpelekee mbunge wako pamoja na swali ambalo umeshamwandikia, ili akose kisingizio.

Uchaguzi Mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo waheshimiwa watakuja Ruring'u, Karatina, Chaka, Naromoru na Othaya wakiomba miaka mitano mingine. Wasikilizeni, kisha muwaombe jambo moja: orodha ya maswali waliyouliza bungeni tangu 2022, na majibu waliyoyapata. Hansadi iko wazi kwa umma, kwa hiyo hakuna atakayesema haiwezi kupatikana. Asiye na orodha, mwacheni aende akaitafute kwanza.